Studio ya chumbani na nyimbo za bankambo: jibu kwa wale wanaosema tungoje



Katika kitabu hiki kidogo wenzangu wameandika juu ya ndoa, juu ya majina, juu ya vyakula vya kwetu. Mimi nimeomba kurasa chache ili nigombane. Nagombana na maneno mawili ambayo yanarudi katika mikutano yetu kila mara kijana anaposimama na kusema kwamba yuko na mikro na ordinatere nyumbani, na anataka kurekodi wimbo wa mama yake.

Neno la kwanza linatoka kwa wazee: « Mashini inaua wimbo. Ngoma ya bankambo haingie mu chumba ya kulala. » La pili linatoka kwa watu waliosoma, na wengine wao ni walimu wenzangu: « Tungoje. Siku moja jimbo litajenga studio ya kweli, ao shirika fulani la Ulaya litatuma wataalamu. Tusifanye kazi ya ovyo. » La kwanza ni woga. La pili ni uvivu uliovaa kravati. Woga ninauheshimu, uvivu siuheshimu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kolwezi, nilitoka ISP na diplome yangu, na sijidai mwanamuziki: gitaa ninalipiga sawa mutu anapasua kuni. Lakini nimesikia kazi ambazo vijana wanafanya vyumbani Manika, Dilala na Kapata, na wanafunzi wangu wameniletea nyimbo za nyumba zao ndani ya telefone, wakati nilipowapa kazi ile ya kuuliza bankambo wao. Ninachotetea ni hiki: wimbo wa kwetu ukirekodiwa katika chumba cha mtoto wa kwetu, mwenye kuuimba akiwa pale mbele na akisema mwenyewe « hapa mumekosea, rudilieni », wimbo huo uko mahali pake. Na ukingoja studio ya kweli, mwenye kuuimba atakufa mbele ya studio kujengwa. Wangapi wamekwisha kufa tangu jimbo la Lualaba lizaliwe mwaka 2015? Kila familia ihesabu wa kwake.

Tuanze na historia, maana wale wanaosema « studio ya kweli » wanasema sawa vile muziki wa Katanga ulizaliwa katika nyumba ya vioo. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alifika Katanga akitoka Afrika ya Kusini. Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, alikutana na kijana aliyekuwa akipiga gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na mtu akifunga macho anaweza kuapa kwamba kuna gitaa mbili. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa mwaka 1930. Wimbo wake « Masanga » ulirekodiwa pale, ukatoka Katanga, ukazunguka Afrika. Watu wa nchi nyingine walijifunza gitaa kwa kuusikiliza. Mwaka 1969 Bosco mwenyewe alipiga gitaa lake mbele ya watu wa tamasha la Newport, Marekani.

Sasa uliza: studio ilikuwa wapi? Haikuwako! Tracey alikuwa na gari, mashini ya kunasa sauti, na jeneratere. Jeneratere aliiacha mbali, akavuta waya mrefu, ili mngurumo wake usiingie ndani ya wimbo. Mikro aliishika mkononi, akaisogeza karibu na kile alichotaka kisikike, mara mdomo wa mwimbaji, mara nyuzi. Hakuna kuta za sufu wala meza yenye taa mia. Ile sauti ambayo leo wasomi wanaitaja kwa heshima kubwa ilinaswa kwa vyombo ambavyo, kwa usafi wa sauti, vinashindwa na vile ambavyo kijana wa Manika yuko navyo juu ya kitanda chake. Njo maana nikisikia mtu na diplome yake anasema kwamba bila studio kubwa hakuna kazi ya maana, ninamuuliza kama amewahi kumsikiliza Bosco.

Tena vyombo vile vya zamani vilikuwa na kizuizi ambacho sisi hatuna. Sahani ya mizunguko 78 ilibeba dakika tatu hivi upande mmoja. Basi wimbo ulikatwa ili uingie katika dakika tatu. Je, wimbo wa kilio unaisha kwa dakika tatu? Kwetu mtu akilala katika matanga, nyimbo zinaanza jioni na zinafika alfajiri, zinapanda, zinashuka, mama mmoja anachoka na mwingine anapokea, na lile jambo kubwa ambalo familia haikutaka kulisema mchana linasemwa saa tisa ya usiku ndani ya wimbo. Hilo halikunaswa na sahani. Sasa piga hesabu pamoja nami. Sauti nzima isiyobanwa, ile ya WAV kwa kiwango cha CD, inakula karibu megabaiti 10 kwa dakika moja. Usiku wa saa nane ni dakika 480. Hiyo ni karibu gigabaiti 5. Kikadi kidogo cha telefone, cha gigabaiti 8, kinameza usiku mzima wa kilio na kinabakia na njaa. Hugh Tracey angelia kwa furaha kama angeona kikadi kile.

Simtukani Tracey. Bila yeye tungekuwa na kimya. Kila alichorekodi alikiandikia karatasi: nani anaimba, lugha gani, mahali gani, chombo gani. Hata namna chombo kilivyopangwa sauti alikuwa akiipima. Ni wangapi kati yetu wamefanya hivyo kwa nyimbo za nyumba zao? Lakini tuone pia kazi ile ilienda kukaa wapi. Alitoa mfululizo wa sahani 210, na vyote viko katika nyumba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika ya Kusini, mji ule ulioitwa Grahamstown mpaka mwaka 2018. Mwaka 1979 mwingine, John Low, alitoka Uingereza akaja Shaba (ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati ule) kuwatafuta wapiga gitaa wa zamani, akaandika kitabu. Mwaka 2011 nyumba moja ya Bruxelles, Crammed Discs, ilitoa sahani na filamu ya karindula ya Lubumbashi. Karindula! Ile banjo kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi ambayo watoto wetu wanaikimbilia kila inapolia katika kilio, na ambayo watu wengi wenye heshima zao wanaiita muziki ya walevi. Ilibidi Mbelgiji aifunge katika karatasi nzuri ndipo wengine wetu wakasema: « Kumbe ni utamaduni. »

Kila mara ni mtu mwenye tikiti ya ndege. Wakenya wamekwisha kuchoka na jambo hilo: tangu mwaka 2014, Ketebul Music ya Nairobi pamoja na watu wa nyumba ile ya Tracey walianza kurudisha sauti za Kenya vijijini, kwa watoto na wajukuu wa wale waliorekodiwa. Jambo zuri sana. Lakini mtu anarudishiwa kile kilichoondoka kwake. Kisichoondoka hakina haja ya tikiti ya kurudi.

Sasa wazee wangu. Papa zangu na mama zangu, mnisamehe, nitasema kwa heshima lakini nitasema.

Mnasema mashini inaua wimbo. Mashini iliyoua nyimbo nyingi kuliko zote hapa kwetu ni mashini ya kusaga unga. Zamani mama watatu walisimama kwenye kinu kimoja, na bila wimbo michi ingegongana. Wimbo ulikuwa na kazi: kupanga mikono. Tena ulikuwa gazeti, maana bibi ambaye hawezi kumwambia mama-mkwe neno lake uso kwa uso alilitwanga ndani ya mahindi. Mashini ya kusaga ilipofika mtaani, kinu kilienda kukaa nyuma ya nyumba, na wimbo ukakosa kazi. Hakuna mtu aliyeitisha mkutano. Hakuna mama anayetaka kurudi kutwanga ili kuokoa wimbo, na mimi sitamwomba. Lakini basi msiipeleke mikro mahakamani na kuiachilia mashini ya unga. Mikro inakuja nyuma, wimbo ukiwa tayari mgonjwa.

Na mnasema ati vijana wanaharibu maneno ya bankambo. Tukumbuke kidogo. Katika miaka ya 1970 na 1980, wakati wa « authenticité » na wa animation politique, nani alichukua nyimbo za ndoa na za mavuno, akatoa jina la bibi arusi, akatia jina la Guide? Je, ilikuwa ordinatere? Ni watu wazima, waliovaa kikwembe chenye picha, waliocheza juani wakingoja wakubwa. Chama kimoja kiliisha mwaka 1990, lakini desturi ile haikuisha. Mpaka leo « folklore » inaitwa mgeni mkubwa anapofika kiwanja cha ndege: ngoma dakika kumi, mgeni anapita bila kugeuza kichwa, wapigaji wanapewa soda. Na watu wale wale wanaopanga jambo hilo wanaogopa kwamba kijana akirekodi ngoma chumbani ataishusha hadhi!

Kuna jambo moja ambalo wazee wako na haki kabisa, na hapo nitasimama upande wao hata kama vijana watanikasirikia. Nyimbo za mukanda. Batchokwe, Balunda, Baluvale, Bandembo wanajua ninachosema. Yale ambayo mtoto wa kiume anaimbiwa na kufundishwa kambini si ya masikio ya kila mtu, na kwa kanuni ya kambi si ya masikio ya mama yake. Mtu akiweka sauti hiyo katika telefone, inasikilizwa na kila abiria wa taksi. Hiyo si kulinda mila, ni kuivunja mlango. Na usiniambie kwamba ni lazima kurekodi kila kitu « kwa ajili ya sayansi ». Wimbo ambao wenyewe wanataka ufe pamoja nao, uko na haki ya kufa. Lakini haki hiyo ni ya wenyewe. Isitumiwe na watu wa komite kuzuia wimbo wa kulaza mtoto, wa mavuno, wa kilio, wa munkoyo, ambazo tangu zamani ziliimbwa mlango ukiwa wazi.

Juu ya kusema kwamba chumba cha kulala si mahali pa kazi ya maana, mimi ninashangaa neno hilo likitoka kwa mtu wa Kolwezi. Tumesahau Kasulo? Mwaka 2014 habari ilienea kwamba chini ya nyumba kuna madini, kobalti nzuri, na watu walitoboa sakafu za vyumba vyao. Walitoa kitanda, wakachimba shimo mahali kitanda kilipokuwa, wakashuka kwa kamba. Wengine hawakupanda tena. Mwaka 2017 sehemu moja ya mtaa ilizungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Kwa ajili ya madini, chumba kilikuwa mahali pazuri. Kwa ajili ya wimbo, ati chumba ni kidogo.

Na jambo la Kasulo linatugusa mahali pengine tena. Mtaa ukihamishwa, watu wanapewa feza ao nyumba upande mwingine. Lakini lile kundi la mama kumi na wawili waliokuwa wakiimba pamoja katika kila kilio cha avenue ile, mmoja anaenda huku, mwingine anarudi Sandoa, mwingine Dilolo. Kundi halipewi nyumba. Mji wetu unazidi kuchimbwa, kila mtu anaona. Vijana waliorekodi kabla ya kuhama wako na kitu mkononi.

Nimewatetea vijana, sasa nao wanisikilize, maana wengi wakisoma mpaka hapa wamekwisha kufurahi mapema.

Mnaingia chumbani, mnafungua FL Studio (mara nyingi ya wizi, na tujue kwamba programu hiyo ilizaliwa Ubelgiji katika miaka ya 1990, Wabelgiji tena!), mnachukua instrumentali ya mtu wa Lagos ao wa Kinshasa, mnaweka sauti juu yake, na katikati ya wimbo mnataja majina ya wakubwa na wenye mashimo ili watoe feza. Libanga. Halafu mnaandika « muziki wa Lualaba ». Lualaba iko wapi pale? Mukitaja jina ya patron mara kumi, haiko wimbo, iko fakture.

Jambo baya zaidi liko ndani ya mashini yenyewe, na wengi hawalioni. Mashini iko na mawazo yake. Mnasikia sauti ile inayonyooshwa kama waya, Auto-Tune? Ilitoka mwaka 1997, na aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, mbele ya hapo alikuwa akichambua mawimbi ya sauti yanayotumwa ndani ya ardhi kutafuta petroli. Sisi watu wa migodi tungepaswa kucheka: chombo kinachowanyoosha waimbaji wetu kilitoka kwa wachimbaji! Chombo hicho, ukikiacha kilivyo, kinajua ngazi ya sauti 12 za piano. Sauti ikianguka katikati ya ngazi mbili, kinaivuta. Sasa chisanji ya Batchokwe haikupangwa kwa piano. Mwenyewe anaipanga kwa sikio, kwa kubandika nta chini ya vijiti vya chuma mpaka vikubaliane na sauti yake ya kuimba. Na mama anayeimba kilio anapitia kati ya ngazi kwa makusudi, mahali pale njo panaliza watu. Auto-Tune inafika inamkosoa, sawa mukaguzi wa masomo ambaye hajue lugha ya kijiji.

Ni vile vile kwa ile kazi ya kusafisha kelele. Katika Audacity (hiyo ni ya bure, hakuna haja ya kuiba) unaonyesha mashini kipande cha kelele, kisha inaitoa kila mahali. Ni nzuri kwa mngurumo wa feni. Lakini nimesikia kijana mmoja akisafisha chisanji mpaka ikawa kama kengele ya kanisa, akajisifu. Ule mlio wa nzi, ule « dzzz » wa pete za chuma ao wa utando wa buibui kwenye tundu la kibuyu, si kelele! Aliyetengeneza chombo alipoteza siku nzima kuutafuta. Bila huo chisanji iko sawa bukari bila sombe.

Na metronomi. Ngoma za kwetu zinapanda mbio watu wanapochangamka, wimbo unaanza kwa kutembea na unaisha kwa kukimbia. Mashini inataka mwendo mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Zima metronomi. Rekodi watu wote kwa mara moja, wakitazamana. Anayetaka kurekodi ngoma leo, sauti kesho, wenye kuitikia kesho kutwa, atapata vipande safi vya maiti.

Basi, kwa wale wanaotaka kuanza, niseme machache niliyoyaona yakifanya kazi. Ordinatere ya mkono wa pili inatosha, karti ndogo ya sauti ya kuchomeka kwa USB, mikro moja, kaske moja ya kufunga masikio. Anayekosa vyote hivyo aanze na telefone, iwekwe mbali na upepo, juu ya kitambaa kilichokunjwa na si juu ya meza, maana meza inapeleka kila kishindo. Chumba kizuri ni kile chenye vitu vingi laini: godoro lisimamishwe ukutani, kabati lifunguliwe nguo zikiwa ndani, blanketi mlangoni. Chumba kitupu chenye simenti kinarudisha sauti kama kisima. Kwa karindula, mikro isikaribie sana ngozi, itapasuka masikio. Rudi hatua mbili, mwimbaji awe karibu kuliko pipa. Kwa kundi la mama, mikro moja katikati, nao wazunguke, na mwenye sauti kubwa arudi nyuma kidogo. Kumwambia kwamba yuko na sauti kubwa kunahitaji adabu. Mwite « mama », mpe kiti, mwambie kwamba kutoka pale kwenye kiti sauti yake inafika vizuri.

Mvua juu ya mabati haina dawa. Kuanzia Novemba mpaka Aprili chagua asubuhi. Kwa bafle za baa hakuna dawa ila saa kumi ya usiku, wakati walevi na majogoo wamepumzika wote wawili.

Na kuranti. Hapa ninakasirika sana. Maporomoko ya Nzilo na Nseke, yaliyofungwa na Union Minière katika miaka ya 1950 kwa majina ya Delcommune na Le Marinel, yako hapa hapa karibu yetu, na tangu miaka ya 1980 waya wa Inga umevuka nchi nzima kuja Kolwezi kulisha viwanda. Waya inapita juu ya vichwa vya watu wenye mishumaa. Kijana anarekodi, umeme unakatika, jirani anawasha grupu yake, kazi imekwisha. Kwa hiyo: ordinatere iwe na betri nzima, rekodi kwa betri hata umeme ukiweko (waya wa umeme wenyewe unatia mngurumo), na ukiwa na uwezo, pano ndogo ya jua. Hifadhi kila baada ya kipande. Na uhifadhi kwanza WAV, ndipo utengeneze MP3 ya kutuma kwa watu. Ukibakia na MP3 peke yake, kilichotupwa hakirudi.

Halafu daftari. Huyu ni mwalimu anasema, mnivumilie, lakini kurekodi bila kuandika ni nusu ya kazi. Jina la mwimbaji, jina la kijiji chake, lugha, siku, wimbo unaimbwa wakati gani, yeye aliusikia kwa nani. Neno ambalo hulielewi, uliza pale pale. Nimesikiliza nyimbo za Kisanga ambazo wajukuu wamezinasa vizuri kabisa na hakuna hata mmoja kati yao anayejua nusu ya maneno.

Jina la mwimbaji ndilo linaloleta ugomvi. Kijana anarekodi wimbo wa nkambo yake, anatia ngoma za mashini chini yake, anaandika jina lake peke yake, na jina la kisanii juu yake. Ikipata feza, ni yake. Hapana. Nchi iko na sheria ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, na tangu mwaka 2011 kuna SOCODA mahali pa ile SONECA ya zamani. Ninajua mnachotaka kusema juu ya feza kutoka kule kufika huku. Lakini hata bila kusafiri mpaka Kinshasa, unaweza kuandika majina mawili badala ya moja, na nkambo akiwa angali hai, aketi nanyi mkigawana. Akisema wimbo si wake, ni wa mababu, andika hivyo hivyo, na jina lake kama mwenye kuuimba.

Mwezi wa Desemba 2021 rumba ya Kongo iliandikwa UNESCO, na tulicheza wote, hata mimi. Rumba ile ilikuwa na sahani, tangu miaka ya 1940 na 1950 Kinshasa ilikuwa na nyumba za kurekodi za wafanyabiashara, njo maana kulikuwa na kitu cha kuonyesha. Sisi siku tukiulizwa habari ya nyimbo za Lualaba, tutaonyesha nini? Tutapeleka picha za vikwembe vya kupokelea wageni?

Vikwembe hivyo shirika letu linavinunua kila mwaka. Katika mkutano ujao nitaomba feza ya mwaka huu inunue mikro mbili, disk mbili ngumu na pano moja ya jua, vikae kwa kijana atakayechaguliwa na mama waimbaji wenyewe, si na komite. Kila wimbo utolewe nakala tatu: moja kwa mwenye kuuimba, ndani ya kikadi cha telefone yake ili asikilize bila intaneti, moja kwa shirika, moja katika kabati la shule yoyote itakayokubali. Wenye kukataa wako huru, lakini walete sababu nyingine.